Maelezo ya Picha ya Saba

Kozi nilikuwa nimeimaliza, nimeipanga kama sanduku la bi harusi:
masomo kumi na mawili juu ya muhogo,
video zenye muziki chini kwa chini,
picha arobaini, kila moja imeng'arishwa,
jibu sahihi kijani, jibu baya jekundu.
Nikafunga kompyuta, nikaenda kula atap kwa dada yangu
nikijiona fundi.

Asubuhi Asekenye akapiga simu kutoka Katine.
Surua ilimchukua macho akiwa mtoto;
ana nusu ekari, na simu ya pili inayomsomea.
Hakulalamika. Alisema tu, "Sikiliza,"
akaisogeza simu moja kwenye mdomo wa nyingine:

Picha. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha.
Kiungo. Kiungo. Picha.

Sauti ile, kavu kama debe tupu,
ikatembea ndani ya kozi yangu
kama mgeni apapasaye ukuta usiku,
na kila alipotafuta mlango
alikuta nimechora mlango.

"Mwalimu, hiyo ya saba ina nini?
Maana mtihani unaiuliza."

Nikaandika: Jani la muhogo lenye ugonjwa.
Akacheka. "Hilo ningelijua bila wewe.
Ugonjwa gani? Umeanzia wapi?
Nikilishika, kidole changu kitakuta nini?"

Sikujua.
Picha niliitafuta mimi, kingo nikazikata mimi,
nikaisogeza kushoto kidogo ipendeze.
Kuitazama, sikuwahi.

Nikashuka nyuma ya ofisi, hapa Soroti,
mwamba umeuinamia mji kama mtu asomaye begani kwako,
mahali mlinzi alipopanda muhogo kando ya choo.
Nikafumba macho, nikashika.
Jani zima: vidole saba vimenyooka,
laini kama bahasha ambayo haijaandikwa jina.
Lenye batobato: limesinyaa upande mmoja,
kidole hiki kifupi, kile kimepinda
kama kijiko cha plastiki kilichoonja moto,
mikunjo imesongamana pale karibu na kikonyo.

Maneno thelathini na tisa.
Yalikula mchana wangu wote.

Kisha Eryaku, asiyesikia, akaniandikia:
kwenye video yako naona mdomo
unafunguka na kufunga kama ngege juu ya barafu,
na maandishi ya chini, yaliyojitunga yenyewe,
yanasema "panda vipande vya mkopo mwezi wa tatu."
Ana deni la SACCO. Alilala vibaya.
Nikakaa nikaandika upya, neno kwa neno,
vipando, vipando vya muhogo,
muziki nikautoa; haukuwahi kumfundisha mtu kulima.

Na mama mmoja wa Amuria, jina hakuacha,
mstari mmoja tu saa sita za usiku:
MB zangu zimefia kwenye salamu yako.

Salamu yangu ilikuwa ya dakika nne.
Nilikuwa nimevaa tai.

Mkurugenzi anauliza mbona kozi inazidi kuwa fupi
na mimi nazidi kuchelewa.
Namwambia nahesabu milango.
Anadhani natania.

Jana mlinzi, mwenye macho mawili mazima,
alisoma bega kwa bega nami yale maneno thelathini na tisa,
akatoka nje bila kuaga.
Nilimwona dirishani akigeuza majani,
moja, jingine, jingine,
akang'oa mashina matatu.

Nimebakiza picha ya kumi na tisa.
Ni mimi, nimesimama shambani, natabasamu,
jembe mkononi, jembe halina udongo.
Nimejaribu kuieleza mara nne.
Asekenye yuko kwenye simu, anangoja, kuku wake wanasikika.
"Hiyo ina nini?"

Naangalia tena, vizuri safari hii.
"Hamna kitu," namwambia.
Naifuta.